Majani Matamu na Magoti ya Mama Ombeni

“Mwanangu, kama haya majani yenu hayana sukari, mbona mimi naongezeka?”

Mama Ombeni aliniuliza hivyo akiwa amekaa mlangoni kwake, Mgwashi, miguu ameinyoosha juu ya kigoda. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya chakula. Nilikuwa mwonjaji wa karakana iliyomuuzia majani hayo. Isitoshe, kuuliza maswali ilikuwa kazi yangu tangu utotoni. Nyumbani kaka zangu waliniita Mbona, kwa sababu hakuna jambo nililoambiwa nikalipokea hivihivi. Siku hiyo nilimwambia Mama Ombeni, “Ngoja nikachunguze, mama,” na ninyi mtakaofanya kazi hii mtajua upesi kwamba hayo ndiyo maneno ya mtu aliyekwama.

Ninyi mnaosomea sayansi ya chakula mmeniomba niwaandikie kuhusu miaka yangu kwenye kazi ya vibadala vya sukari. Mimi si mzee. Sina mvi, sina pensheni, na mtu mzima akiniamkia shikamoo bado nageuka kutazama anayeamkiwa nyuma yangu. Lakini kazi ile nimeiacha, siku hizi nafundisha kemia sekondari, na aliyeiacha kazi ana nafasi ya kuisema kuliko aliye ndani na bado anatafuta wateja. Nitaandika yanavyonijia.

Tulikuwa tunafanya stevia. Ni mmea mfupi, majani yake madogo, ukiutazama unaweza kuung’oa ukidhani ni gugu. Jani lake likikauka lina utamu unaopita sukari kwa mbali, na utamu huo mwili hauna cha kuufanyia. Unapita tu, hauachi mafuta wala nguvu. Ndiyo habari yote. Mengine yote mtakayosikia, kwamba inayeyusha tumbo, inasafisha damu, inarudisha ujana, yameongezwa na wauzaji, na wakati fulani muuzaji nilikuwa mimi.

Karakana ilikuwa Lushoto mjini, vyumba vitatu na kikaushio cha jua nyuma. Mwenye nayo tulimwita Dada Fausta, mwanamke wa kutoka Mbinga ambaye wazazi wake waliletwa huku na kazi za mashamba ya chai. Alikuwa na akili ya biashara na mdomo mkali. Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu hadi cheti akasema, “Msomi, hapa hatuna maabara. Maabara ni ulimi wako. Ukiuchoma na uji nakukata mshahara.”

Yeye ndiye aliyenifundisha kuonja. Unasukutua maji ya uvuguvugu, unaweka chai kidogo mdomoni, halafu unasubiri. Sukari inakuja hapohapo na kuondoka. Stevia inachelewa, inakuja polepole kama mtu anayepanda mlima, na ikifika inakaa. Nyuma yake unakuja uchungu kidogo unaofanana na mzizi. Kazi yetu yote ilikuwa kuupunguza huo uchungu. Mtu asiyesubiri anasema haina utamu, anaongeza majani, kisha utamu na uchungu vinamjia pamoja anakunja uso na kulaani karakana nzima. Wateja wa namna hiyo tulikuwa nao wengi.

Wakulima wetu walikuwa Mgwashi na vijiji vya jirani, na wachache Shume. Kosa lao la kwanza lilikuwa zuri kulitazama. Stevia inatakiwa ikatwe kabla haijatoa ua, maana ikishachanua utamu wa majani unashuka. Nikawaeleza mkutanoni, wakatikisa vichwa. Niliporudi shamba lote lilikuwa jeupe kwa maua, na mama mwenye shamba amesimama katikati yake anatabasamu. Mkulima wa maharage hawezi kukata mmea uliofika kwenye ua. Ua kwake ni habari njema, ni chakula kinakuja. “Nikate sasa hivi, wakati ndiyo kwanza umenifurahia?” aliniuliza. Tukaujaza mzigo ule kwenye gunia, ukawa na utamu wa majani ya mpera.

Kosa la pili lilitokana na ukungu. Mnajua milima yetu: unaanika kitu asubuhi jua likiwaka, saa sita hujui mwanao amesimama wapi. Majani ya stevia yakikauka polepole yanakuwa meusi. Basi mkulima mmoja akafanya akili. Akayapanga kwenye uchaga juu ya meko, pale anapowekea mahindi ya mbegu. Yakakauka vizuri ajabu, yakabaki ya kijani, nikamsifu mbele za watu. Nilipofika Lushoto nikayachemsha, nikasukutua, nikasubiri. Ilikuja ladha ya nyama ya kukaushwa. Dada Fausta alionja, akasema, “Hii tumuuzie anayetaka kunywa supu na kupungua.”

Na mimi nilikuwa na yangu. Nilitaka kuonyesha kwamba tunaweza kufanya jamu ya plamu isiyo na sukari hata punje moja. Chuoni nilisoma kwamba sukari kwenye jamu haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Inaishikilia jamu isitiririke na inazuia ukungu. Nilisoma, nikafaulu mtihani, kisha nikafanya kana kwamba sikusoma. Jamu yangu ilikuwa maji matamu, na baada ya muda mfupi kila chupa ilikuwa imeota nywele. Keki ndiyo ilichekesha zaidi. Ilitoka kwenye oveni imelala na nyeupe pe, kwa sababu stevia haibadiliki rangi ikipata moto kama sukari inavyofanya. Dada Fausta aliifunika kwa kitambaa akasema tuiombee. Kumbukeni hilo mtakapopewa kazi ya kuondoa sukari kwenye chakula chochote: jiulizeni kwanza sukari ilikuwa inafanya kazi ngapi mle ndani.

Wauzaji wanapenda kusema utamu wa asili. Hebu nilimalize neno hilo asili maana limenichosha. Asali ni ya asili. Sukari guru ni ya asili. Juisi ya miwa inatoka kwenye muwa mbele ya macho yako. Zote zinanenepesha. Asili haisemi lolote kuhusu unene wako. Na pakiti iliyoandikwa stevia kwa herufi kubwa, igeuze usome herufi ndogo. Nyingine zimejazwa unga wa wanga wa mahindi ili kijiko kionekane kimejaa, na wanga huo mwili unaujua vizuri sana.

Sasa nirudi kwa Mama Ombeni.

Alikuwa sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, na kwa maelezo yake mwenyewe bila yeye kwaya ile ilikuwa kelele. Nyumba yao iko chini ya barabara, bondeni, na kanisa liko juu ya barabara. Wanaoishi kwenye milima wanaelewa maana yake. Magoti yake yalipoanza kuuma aliacha kwanza shamba la mbali, kisha soko, kisha kanisa. Uzito ukapanda kwa kuwa amekaa, na magoti yakazidi kwa kuwa uzito umepanda. Daktari alimwambia bila kuzunguka: apunguze uzito, magoti yatapata nafuu, asipopunguza, asitegemee kupanda ule mlima tena. Siku ya kwenda kupimwa zahanati wanakwaya wanaume walimbeba kwenye kiti.

“Walinipandisha kama spika ya kanisani,” aliniambia. “Huyu anasema shika huku, yule anasema angalia usiangushe. Watoto wanatazama. Nikaapa, mwanangu. Mara nyingine nitakapofika barabarani, nitafika kwa miguu yangu au sifiki.”

Alisikia habari za majani yetu kwa jirani aliyekuwa anatulimia. Akaagiza, akaletewa majani matupu yaliyofungwa kwenye gazeti, akaagiza tena. Na akawa mteja wa pekee katika wilaya nzima ambaye hakuwahi kulalamika uchungu. Hata mara moja. “Matamu kabisa,” alikuwa anasema, “yanapita sukari, wala hayakwaruzi ulimi.” Nilifurahi kupita kiasi. Wakati huo nilikuwa nimebadilisha namna ya kukausha, natandaza majani membamba zaidi na kuyafunika kabla ukungu haujashuka, nikaamini hatimaye nimeupata ufundi. Wateja wengine wakinung’unika nilikuwa nawaambia, yupo mama Mgwashi anayekunywa kila siku, hajaona uchungu wowote. Nyie hamjui kusubiri.

Dada Fausta naye aliyasikia masifu hayo, akaona biashara. Pakiti zetu za mwanzo zilikuwa za karatasi, na juu yake nilikuwa nimeandika “Majani ya stevia: tumia badala ya sukari.” Akataka kuchapisha mpya, za kung’aa, na akataka ziseme “Hupunguza uzito.”

“Haipunguzi uzito,” nilimwambia.

“Haina sukari. Sukari inanenepesha. Asiyekula sukari atapungua. Wapi nimekosea hesabu?”

“Umeruka hatua. Atapungua kama ataacha sukari, na kama hatafidia kwa kitu kingine. Jani lenyewe halipunguzi kitu.”

“Msomi, pakiti ni ndogo. Hiyo hotuba yako tutaibandika wapi?”

Tulibishana mchana kutwa. Nilimwambia kwamba tafiti nilizosoma chuoni hazikubaliani. Kuna watu wanaobadilisha sukari wakapungua kidogo, kuna wasiopungua, na kuna wanaorudia uzito wao baadaye, kwa hiyo hatuna haki ya kuahidi. Akaniambia wanaouza bidhaa bila kuahidi anawajua, wamerudi kulima. Mwishoni nilishinda neno moja. Badala ya “Hupunguza uzito” ikachapishwa “Husaidia kupunguza uzito,” kwa kijani, na juu yake “Utamu wa asili.” Nilirudi nyumbani nikijiona nimeitetea sayansi.

Pakiti mpya ndizo alizokuwa anatumia Mama Ombeni aliponiuliza lile swali. Zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu aanze, alipimwa tena, na mzani ulikuwa umepanda badala ya kushuka. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayemuuliza fundi: nimefuata ulichosema, mbona kitu hakiwaki?

Nilikwenda Mgwashi kila siku ya kununua majani, na kuanzia siku hiyo kila nikimaliza kupima mizigo niliteremka bondeni kwake. Niliwaambia tangu mwanzo, mimi si mtu wa kuacha swali. Mlangoni mara zote nilimkuta yeye kwenye kiti na mume wake jikoni. Jiko lao liko nje, chini ya ngazi za mawe, na kwa magoti yale Mama Ombeni alikuwa hawezi kuteremka. Baba Ombeni akawa ndiye mpishi. Alikuwa mtu wa Njombe, amefanya kazi kwenye kiwanda cha chai huku Bumbuli mpaka akastaafu, na Kishambaa alikuwa anakielewa chote ila hakisemi. Majirani walimtania hadi wakachoka.

“Mama Ombeni mdogo, leo mnapika nini?” walimwita kutoka njiani.

“Njoo uone, na uje na kuni,” alikuwa anajibu, bila hata kuinua kichwa.

Chai alikuwa anaipika kwa heshima zote. Maji, majani ya chai, maziwa, iliki akiwa nayo. Inachemka, inashushwa, inachemka tena, inachujwa kwenye chupa ya chai. Chupa inaletwa sebuleni alfajiri na tena alasiri, na mkewe anajimiminia mwenyewe, anatia stevia yake, anakoroga. Mimi nilimiminiwa kikombe changu kutoka chupa ileile kabla hajatia kitu. Kilikuwa kitamu hasa. Sikushangaa. Sisi huku mgeni hapewi chai kavu. Akipewa, akifika kwa jirani ataulizwa habari za alikotoka na atanyamaza, na kunyamaza kwake kutatosha.

“Mama, sukari je?” nilimuuliza. “Kwa siku unatia vijiko vingapi?”

“Sukari! Tangu niyajue majani yenu, mkono wangu haujagusa sukari. Muulize Mungu.”

Nilimwamini, na hadi leo najua alisema kweli.

Basi nikatafuta kwingine. Nilikaa siku nzima, nikala alichokula. Asubuhi chai na chapati mbili nene. Mchana makande, sahani yenye mlima. Alasiri chai tena na viazi vya kuchemsha. Usiku ugali na mboga, na baada ya ugali ndizi mbivu.

“Mama, zamani ulikuwa unakula chapati ngapi?”

“Moja.”

“Na sasa?”

Akanitazama kama ambavyo ningemtazama mwanafunzi wangu sasa. “Si nimeondoa sukari? Nikiondoa sukari pale panabaki nafasi. Kwenye nafasi nimeweka chapati.”

Nilikaribia kuruka. Ndiyo jambo lenyewe nililokuwa nalisoma chuoni, limekaa mbele yangu na gauni la kitenge! Mtu anapunguza upande huu, anajilipa upande ule, na mara nyingine anajilipa zaidi ya alichopunguza, kwa sababu anajiona ameshafanya jema. Nikamweleza. Alisikiliza, akacheka mpaka machozi, akamwita mume wake. “Baba Ombeni! Huyu mtoto anasema nanenepeshwa na nafasi!”

Tukapanga. Chapati ikarudi kuwa moja. Sahani ya makande ikashuka. Na kwa kuwa nesi wa zahanati alimwambia magoti yanataka kutembezwa kidogokidogo, tukaugawa mlima. Kutoka mlangoni hadi mgomba wa kwanza. Kutoka mgomba hadi bomba la maji. Kutoka bomba hadi mti wa mpea. Kutoka mpea hadi barabarani. Alikuwa na fimbo, na mimi nilikuwa nyuma yake sijui kwa kazi gani, maana angeanguka tungeteremka wote hadi mtoni.

“Usinishike,” alisema. “Ukinishika nitakuwa nimebebwa.”

Alifika kwenye mgomba. Baada ya majuma kadhaa alifika bombani, akakaa pale akanywa maji kwa kiganja, akaimba kidogo ili majirani wajue. Lakini hapo alikwama. Uzito ulikuwa umeacha kupanda, ndiyo, ila haukushuka kama nilivyotarajia. Nikapiga hesabu tena: chapati imepungua, makande yamepungua, anatembea, sukari hakuna. Kila nilipopiga ilitakiwa apungue. Hapungui. Nilianza kumshuku, nasema kweli. Niliwaza labda anakula nikiondoka. Nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, akaelewa, na nilijua nimemuumiza. Mkiingia kazini mtafika hapo pia: hesabu yenu ikigoma, mtamtilia shaka mtu kabla ya kuitilia shaka hesabu.

Halafu karakana ikafa. Haikufa kwa kishindo. Maduka ya mjini yalianza kuleta stevia ya unga mweupe kutoka nje, safi, isiyo na uchungu, na majani yetu ya kijani yakaonekana kama dawa ya kienyeji. Dada Fausta alijitahidi, kisha akauza kikaushio kwa watu wa uyoga akaenda kufungua duka la mbegu. Tulipoagana alinipa boksi la pakiti zilizobaki. “Kunywa hadi upungue, Msomi,” alisema, na alijua sina cha kupungua.

Mimi nikaingia ualimu. Nilikaa kwanza huko tambarare, Mazinde, kwenye joto, ambako watu wanakunywa soda kama maji, na nilikuwa na mengi ya kuwauliza. Mama Ombeni sikumsahau, lakini sikumtembelea. Nilimwona kama mtihani nilioufeli, na mtu hapendi kurudi kwenye chumba cha mtihani.

Miaka ilipita. Likizo moja nilipanda Bumbuli kwa arusi ya mwanafunzi wangu wa zamani. Gari lilisimama Mgwashi kushusha mizigo, nikachungulia dirishani, nikamwona. Amesimama barabarani. Hakukaa, amesimama, fimbo mkono mmoja, joho la kwaya limekunjwa mkono mwingine. Alikuwa amepungua, si mwembamba, na sidhani aliwahi kutaka kuwa mwembamba. Nilishuka garini na begi langu na sikumbuki kama niliaga.

“Shikamoo, mama!”

“Marahaba. Nani huyu? Ah! Mbona!” Nilikuwa nimemwambia jina hilo zamani, akalihifadhi.

“Nani amekubeba mpaka huku?”

“Wa kunibeba wote wameoa, wana mizigo yao.” Akaelekeza fimbo bondeni. “Mgomba, bomba, mpea, barabara. Kila Jumapili, na Jumatano mazoezi. Napumzika kwenye mpea tu.”

Nilitaka kujua amefanyaje. Akasema tuteremke kwanza, chai iko tayari, kwaya itamsubiri maana haina jinsi. Alishuka mbele yangu. Njiani aliniambia, bila kugeuka, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

“Mlipofunga, pakiti zangu zikaisha. Nikajisemea, basi, nitakunywa chai kavu, isiyo na utamu wowote, nimeshazoea kujinyima. Asubuhi nikamimina kikombe, sikutia kitu. Nikanywa.” Akasimama kwenye bomba. “Mwanangu, ilikuwa tamu. Tamu kama jana, tamu kama juzi. Nikakiweka kikombe chini nikamwita mume wangu.”

Mimi nilikuwa nimesimama juu yake kwenye mteremko, nikaanza kuteremka haraka kumwona mume wake.

Baba Ombeni tulimkuta jikoni kwake, amezeeka, anachuja chai. Kwenye chupa hiyo hakukuwa na sukari. Walikuwa wameipunguza kidogokidogo, wiki hadi wiki, mpaka ndimi zao zikasahau. Mama Ombeni alisema magoti yalianza kufunguka baada ya hapo. Nesi akasema ni kutembea, mimi nikadhani ni yote pamoja, chapati, kutembea na ile chupa ya chai. Sijui kila kimoja kilichangia kiasi gani, na anayewaambia anajua mwombeni awaonyeshe.

“Baba,” nilimuuliza, “ulikuwa unatia sukari kwenye sufuria siku zote zile?”

“Ndiyo. Chai inapikwa na sukari.” Alinijibu kwa upole, kama anavyojibiwa mgeni wa nchi nyingine. “Hukuniuliza. Ulikuwa unamuuliza yeye.”

“Lakini ulikuwa unajua anatia majani yetu.”

“Nilikuwa najua. Pakiti nilisoma mimi, macho yake yalikuwa hayaoni herufi ndogo. Imeandikwa inasaidia kupunguza uzito. Kitu kinachosaidia mgonjwa si ni dawa? Tangawizi nikitia kwenye chai siondoi sukari. Nikajua ni dawa ya magoti, inaongezwa.”

Neno nililolishinda kwa mchana kutwa lilikuwa “husaidia.” Na kwenye ile pakiti ya kung’aa, tukiwa tunagombania neno hilo, maneno yangu ya zamani, “badala ya sukari,” yaliondolewa na hakuna aliyeyagombania, hata mimi.

Nilisukutua mdomo kwa mazoea, nikanywa chai yangu bila sukari, nikasubiri. Haikuwa na uchungu wala utamu, ilikuwa chai tu, nzuri. Mama Ombeni alikuwa anaweka joho lake sawa ili arudi kupanda. Ndipo Baba Ombeni, akifunga kifuniko cha chupa, akaniambia jambo la mwisho, lile ambalo ningelijua siku niliyoulizwa swali mlangoni ningelijibu papo hapo: mkewe alipoanza kunywa dawa yetu, yeye alimwonea huruma kwa ule uchungu wa majani, akawa anamwongezea sukari kwenye sufuria.